Kocha kajiuzulu, mtoto ndiye anadaiwa

Niandike mara moja yaishe, maana nimechoka kuulizwa njiani. Jana hata muuza chipsi wa pale kona kanisimamisha: "Katibu, nasikia mmemfukuza Kocha?" Hatukumfukuza. Kajiuzulu mwenyewe, kwa ujumbe kwenye grupu la wazazi, saa nne usiku, watu wengine wameshalala. Wala si mambo ya hela, kama kijiwe cha kahawa kinavyodai. Wala sina shemeji ninayetaka kumleta awe kocha. Shemeji ninaye mmoja tu, na hajui hata ofsaidi ni nini.

Kwa wasionijua: mimi ni katibu wa timu ya vijana chini ya miaka 15 huku Temeke. Kutwa nashinda Kurasini na makaratasi ya makontena, jioni nahangaika na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Nilianza kwa sababu mwanangu alikuwa anacheza. Yeye kakua, yuko chuo, mpira sasa anaangalia kwenye simu, mimi nimebaki na daftari. Ukatibu wa timu ya mchangani ndivyo ulivyo: unaingia kwa kusaidia mara moja, kutoka hujui utatokaje.

Kocha wetu ni fundi seremala, Keko. Kwetu hana mshahara, hajawahi kuwa nao. Mipira ni yake, vizibao vya mazoezi kavinunua yeye, kipenga chake. Koni tu ndizo za timu, na hizo ni chupa za maji tulizojaza mchanga. Akikosa nauli anakuja kwa miguu. Posho ya refa ikipungua anaongezea. Nayasema haya mapema ili mtu asije kuniambia nina chuki na yule bwana. Nampenda, na watoto wanampenda kuliko mimi.

Na ndiye aliyemleta Namba Sita.

Nitamwita hivyo, kwa namba anayochezea, maana ni mtoto wa mtu na jina lake halina kazi hapa. Ana miaka 14, ana ualbino, anacheza kiungo mkabaji. Watu wakisikia hivyo wanauliza: sasa anaonaje? Anaona, ila si mbali. Macho yake hayatulii sehemu moja, na jua likiwa kali anayafumba karibu yote. Mpira mrefu wa juu unaotoka upande wa pili wa uwanja unampotea. Lakini mpira ulioko mguuni kwa mtu hatua tatu mbele yake, mwenye nao ajiandae. Kocha aliligundua hilo alipomkuta anacheza chandimu na wenzake nyuma ya msikiti. Akamwambia: wewe kaa katikati, mpira utakufuata. Akasogeza mazoezi kutoka saa tisa hadi saa kumi na nusu jua lipoe, wazazi wengine wakanung'unika kwamba watoto wanarudi giza limeingia, yeye akasema asiyetaka amchukue mwanawe. Mafuta ya kukinga jua mtoto anapewa kliniki, yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Jezi ya mikono mirefu na kofia kanunua Kocha.

Kofia ile iliwahi kuleta kesi. Kwenye ligi ya mtaa kuna refa alisimamisha mchezo akataka ivuliwe, eti kofia ni ya kipa peke yake. Wazazi tukaanza kupayuka kutoka pembeni, si unajua tena. Kocha akatunyamazisha kwa mkono. Akachomoa kitabu cha sheria kilichokunjwa mfuko wa nyuma wa suruali yake ya kazi, kurasa zimejaa unga wa mbao, akamwonyesha refa Sheria ya 4, ile ya vifaa vya wachezaji: vifaa vya kujikinga visivyomhatarisha mtu vinaruhusiwa. Wakabishana pale kwa sauti za chini, refa akashika kofia, akaibonyeza kuona kama ina kitu kigumu, akairudisha kichwani kwa mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Mpira ukaendelea. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemzungumzia, tusije tukadhani ni shetani.

Sasa siku ya siku. Mechi ya kirafiki na vijana wa kutoka Mbagala. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mchanga umeshikana, mpira unakimbia. Tunafungwa moja. Namba Sita katolewa kipindi cha pili, amekaa kwenye benchi letu, yaani gogo la mnazi, ana chupa ya maji, mimi niko pembeni yake na daftari. Winga wetu wa kulia akawekewa pasi safi, hakuna beki, hakuna mtu, akaiachia ikapita chini ya mguu hadi nje. Kocha akarusha mikono:

"Huoni? Umekuwa zeruzeru wewe?"

Vijana wa Mbagala wakaangua kicheko. Wawili wetu nao wakacheka. Kocha alikuwa ametupa mgongo, na nadhani mpaka hapo alikuwa hajajua kilichomtoka, kwa sababu kicheko kilipomfikia niliona mabega yake yakisimama. Hakugeuka. Namba Sita alifunga kifuniko cha chupa. Akakifungua. Akakifunga tena. Tukafungwa la pili, watu wakatawanyika.

Usiku ule ndipo ujumbe ukaingia: "Wazazi wangu, kuanzia leo naachia ngazi. Nimetamka neno lisilofaa mbele ya watoto. Kama kuna aliyekwazika anisamehe." Alfajiri nilipofungua mlango nikakuta kiroba cha mipira kimeegemezwa ukutani, vizibao vimefuliwa na kukunjwa juu yake.

"Kama kuna aliyekwazika." Nilikaa na sentensi ile siku nzima kazini, wateja wananiuliza kontena limefika wapi, mimi nawaza hilo. Aliyekwazika anafahamika. Kocha anamfahamu kuliko sisi sote, kamjazia fomu ya usajili kwa mkono wake.

Grupu nalo likawaka. Kocha rudi. Kocha wewe ni binadamu. Utu uzima dawa. Mikono ya kuombea dua mingi mno. Baba mmoja, msomi kabisa, akaandika kwamba neno hakuambiwa yule mtoto, aliambiwa winga, sasa kosa liko wapi? Akapigiwa makofi. Mama mwingine akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa, sisi tulitukanwa na tumekua. Hakuna aliyeandika jina la Namba Sita. Bibi yake hana simu janja, kwa hiyo ndani ya grupu lile hakuwa na mtu.

Mazoezi yaliyofuata Namba Sita hakutokea. Niliowakuta walikuwa wamenuna. Nikauliza kuna nini, mmoja akanijibu bila hata kuniangalia: "Si kafukuza Kocha." Kwenye ukuta wa darasa la mwisho, upande wa uwanja, kuna mtu alikuwa ameandika kwa mkaa maneno hayo hayo, na namba 6 kubwa pembeni. Nikaufuta ukuta kwa kizibao. Mkaa hautoki, unasambaa tu.

Siku mbili hivi baadaye bibi yake akabisha hodi kwangu. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, karibu ndani. Soda akaikataa, akaomba maji. Yule mama alimleta mjukuu wake Dar mwaka 2015, kutoka Kanda ya Ziwa, mwaka ule ambao serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mtoto alikuwa mdogo, njia nzima ndani ya basi kamfunika khanga. Hayo aliwahi kunisimulia zamani tulipokuwa tunajaza fomu, kwa kifupi, kama mtu anayetaja tarehe tu. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni nikajua amekuja kwa lile neno. Nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya timu.

Akanikata. "Hilo neno nalisikia tangu mama yake anamzaa. Sikutoka nyumbani kwa hilo. Nimekuja kuuliza, mwanangu: mjukuu wangu ana cheo gani kwenye timu yenu hata aweze kufukuza kocha?"

Nimekaa na watu wengi wenye hoja, bandarini na serikali ya mtaa. Sijawahi kufungwa mdomo namna ile.

Mwanangu nilipomsimulia kwa simu akanitumia habari ya Cale Gundy. Huyu alikuwa kocha msaidizi wa timu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu, mpira wenyewe umbo la papai. Alikuwa benchi la ufundi pale tangu 1999, na kabla ya ukocha alikichezea chuo hicho hicho. Mwaka 2022, msimu haujaanza, wako kwenye kikao cha kuangalia video, akaona mchezaji mmoja hana habari, kainamia aipadi yake. Akaichukua, akasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Ndani yake lilikuwemo neno lililobeba ubaguzi wa rangi, naye ni mzungu. Agosti 7 akatangaza kujiuzulu, na waraka mrefu: maneno hayakuwa yangu, sikukusudia, nilishtuka nilipotambua ninachosoma, lakini mtu mwenye nafasi kama yangu anaweza kuumiza bila kutaka, kwa hiyo nabeba kosa. Ukiusoma unamwonea huruma. Kesho yake kocha mkuu Brent Venables, ambaye ndio kwanza alikuwa anaingia msimu wake wa kwanza kwenye kiti hicho, akaongeza jambo ambalo waraka haukulisema: neno halikusomwa mara moja, lilirudiwa. Wachezaji wa zamani, weusi wakiwemo, wakajitokeza kumtetea mzee wao. Wakabishana Marekani nzima, katendewa haki, kaonewa.

Mimi katika yote hayo nilikuwa namtafuta mtu mmoja: mwenye aipadi. Gundy hakumtaja jina, na ni vizuri. Lakini waliokuwa chumbani wanamjua. Mtu aliyewakocha watu miaka yote hiyo, aliyewapeleka wengine hadi kwenye ligi kubwa, kaondoka kwa sababu ya kioo cha mtoto mmoja. Najiuliza alikula wapi chakula cha jioni siku ile, na nani alikaa meza yake.

Ya pili ilinikera zaidi. Akim Aliu, kazaliwa Nigeria 1989, baba Mnigeria, mama Myukreni, kakulia Ukraine halafu Kanada, mchezo wake ni hoki ya kwenye barafu. Msimu wa 2009 na 2010 alikuwa Rockford IceHogs, timu ya kulelea wachezaji wa Chicago Blackhawks. Kocha wake, Bill Peters, hakupenda muziki ambao kijana alikuwa anaupiga chumba cha kubadilishia nguo, akaukemea kwa lile neno la kuwatweza watu weusi. Kijana akamgomea. Baadaye akashushwa ligi ya chini, na anasema kocha ndiye aliyewaandikia mabosi barua ya kutaka ashushwe. Aliyetukana akapanda hadi kufundisha timu za ligi kuu ya hoki: Carolina mwaka 2014, Calgary mwaka 2018. Novemba 2019 Aliu akaliweka hadharani, na wiki haikuisha Peters akajiuzulu. Barua yake ya kuomba radhi aliiandikia uongozi wa klabu. Ndani akasema halikumlenga mtu yeyote hasa, na akawaomba radhi wote walioumizwa na maneno yake. Jina la Aliu halimo. Aliu akasema radhi ile si ya kweli.

Niliposoma hapo nikacheka peke yangu ndani ya daladala, kondakta akanitazama. Kanada na Temeke wapi na wapi, lakini ujumbe ni ule ule: kama kuna aliyekwazika.

Tunao na wa kwetu. Julai 2020 ilisambaa sauti ya Luc Eymael, Mbelgiji aliyekuwa anaifundisha Yanga, akilalamika kwamba hana gari wala intaneti, kwamba hatuna elimu, na kwamba mashabiki wanapiga kelele tu kama nyani na mbwa. Yanga wakamtimua. Mimi ni Yanga wa kuzaliwa, nilipaza sauti na wenzangu, na ningepaza tena. Ila sasa naona ile ilikuwa kesi nyepesi. Shabiki wa Yanga ana mdomo, tena mrefu. Akitukanwa asubuhi, mchana ameshajibu redioni. Na zaidi ya yote, kocha hampangi shabiki namba. Mtoto wa miaka 14 aliyekaa kwenye gogo hana redio, na anayemtukana ndiye huyo huyo atakayeamua Jumamosi nani anaanza.

Kijiweni kuna mzee mmoja, namheshimu sana, akanambia Kocha kafanya uungwana, kafuata nyayo za Mzee Mwinyi. Hilo nililitegemea. Nchi hii ukitaja kujiuzulu, kabla kahawa haijapoa mtu kamtaja Mzee Mwinyi, aliyeacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Nikamjibu kwa adabu: mzee wangu, Mwinyi aliyabeba ya walio chini yake. Huyu wa kwetu ya kwake yamebebwa na aliye chini yake. Akachukua kashata, hakunijibu, lakini hakunikatalia.

Ijumaa nikatoka kazini mapema, nikapanda bajaji hadi Keko. Nilimkuta anapiga msasa ubao wa kichwani wa kitanda cha sita kwa sita. Vumbi la mninga limemjaa nyusi, zimekuwa nyekundu.

"Karibu dada Katibu. Futa hapo ukae."

"Nimekuja kwa ajili ya watoto, Kocha."

"Mimi nimeshaachia." Msasa unaendelea. "Kosa nimefanya, adhabu nimejipa. Mwingine angeng'ang'ania. Nini tena?"

Nikamweleza ukuta. Nikamweleza bibi na swali lake, neno kwa neno. Msasa ukasimama.

"Nani kaandika?"

"Ungekuwa bado kocha ningekwambia umtafute."

Akakaa kwenye kigoda. Alikaa muda, anaondoa unga wa mbao kwenye kucha kwa ncha ya msumari. Kisha akasema kitu ambacho nilijua ni cha kweli kwa jinsi kilivyomtoka kwa shida: "Namwonea aibu yule mtoto, dada. Nilipoandika ule ujumbe nilikuwa nawaza nisije nikamwona tena. Nikaona nikiondoka, yeye atapumzika."

"Wewe ndiye umepumzika."

Akaniuliza nataka afanye nini. Nikamwambia aje uwanjani kesho, aongee mbele ya wale wale waliosikia. Akasema atafikiria. Nikamwambia kitanda kina mgongo upande wa kushoto, arudie msasa. Nikaondoka.

Akaja. Kavaa shati la Idi, viatu vimepigwa dawa, kwenye mchanga ule. Watoto nikawakalisha chini. Namba Sita nilikuwa nimemfuata nyumbani mwenyewe, na bibi yake akaja naye akasimama chini ya mwarobaini, hakutaka kiti. Kocha akaanza. Na alianza vibaya. Akaeleza alivyoianzisha timu. Akaeleza hajalala. Akaingia kwenye kofia, alivyoinunua Kariakoo, alivyopigania ivaliwe. Nilikuwa naomba ardhi ipasuke. Mtu mzima akizidiwa na aibu anaanza kuhesabu wema wake, na kila alichohesabu kilikuwa kinamzidishia deni mtoto.

Namba Sita akanyoosha mkono, kama darasani.

"Samahani Kocha. Wewe sema tu kwamba mimi sikukufukuza."

Kocha akanyamaza. Halafu akamtaja kwa majina yake yote matatu. Hakunifukuza, akasema. Mimi nimeondoka kwa mdomo wangu. Lile neno nilisema mimi, nilimkaripia mwingine kwa kumtukana huyu, na huyu alikuwa amekaa pale. Akaonyesha gogo kwa kidole. Aliyeandika ukutani aandike jina langu.

Aliyelia ni winga wa kulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemfikiria, siku zote hizo mtoto wa watu alikuwa anaamini kwamba angeupokea ule mpira yote haya yasingetokea. Mwenzake akamtania, akamrushia mchanga, wakaanza kukimbizana. Bibi alishaondoka, alikuwa ameacha maharage jikoni.

Hapo wengi mngependa niseme basi, Kocha karudi. Wazazi wanataka hivyo. Mweka hazina anataka hivyo kuliko wote, kwa sababu sasa posho ya refa inatoka kwetu. Mwalimu wa michezo wa shule anatusaidia mara mbili kwa wiki, lakini yule ni mtu wa wavu, watoto wanapasha misuli nusu saa, wanaruka ruka, mpira wenyewe wanaugusa jua linazama. Tumepigwa nne kavu na timu ambayo mwaka jana tuliifunga. Ligi ya mtaa iko mlangoni.

Mimi nasema hapana, msimu huu asirudi, na nimemwambia mwenyewe ana kwa ana. Kumkomoa sitaki. Kuomba radhi kaomba, tena vizuri mwishoni. Tatizo langu ni karatasi ya kikosi. Kocha ndiye anayeiandika. Akimweka Namba Sita benchi, mtoto atajiuliza ni kiwango changu au ni lile jambo. Akimwanzisha, wenzake watasema anapangwa kwa kuonewa huruma. Akimpa unahodha ndio kabisa. Kila uamuzi wake juu ya mtoto yule una harufu sasa, hata ulio wa haki, na anayeinusa harufu hiyo kila siku ni mtoto. Aliu alishushwa daraja na mtu aliyekuwa na uwezo wa kumshusha, na mpaka kesho hakuna wa kumthibitishia kwamba ilikuwa soka, yaani hoki, tu. Apite msimu mmoja. Vijana wakubwa wa mtaa wanaocheza ndondo hawana kocha, akawafundishe hao. Wana ndevu, akiwatukana watamrudishia.

Kocha alinisikiliza, akasema "sawa, dada Katibu," kesho yake akamtuma kijana wa gereji alete pampu ya mipira. Ilikuwa imebaki kwake.

Wazee wa kamati wananiambia mtoto haulizwi mambo ya uongozi. Nimemuuliza. Nilimkuta anafunga kamba za njumu, kofia kaigeuza nyuma. Nikamwambia wazazi wanataka Kocha arudi, mimi sitaki, wewe unasemaje?

Akafikiria kidogo. "Akirudi atanipanga sita au atanihamisha nane?"

"Sijui."

"Basi mumuulize hilo kwanza. Nane sichezi, mipira ya huko inatokea mbali."

Kikao ni Jumapili saa kumi, uwanjani, kila mzazi aje na kiti chake. Swali lake nimeliweka ajenda ya kwanza. Posho ya marefa ni ya pili, na safari hii msije mikono mitupu.